Mwalimu Alipwe na Nani? Historia ya Mishahara ya Walimu na Sheria za Shule Nchini Kenya

 Katika mikutano yetu ya kila mwaka tumezoea kuzitaja timu za kandanda, matokeo ya mitihani na walimu waliotufunza. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza walimu hao walilipwa kiasi gani, walilipwa na nani, na kwa sheria ipi. Hata hivyo, mtu akiichungua historia ya shule za umma nchini Kenya ataona kwamba swali hilo ndilo lililoyafunga madarasa tena na tena tangu kabla ya Uhuru. Kwa hiyo si vibaya tukilieleza kwa utaratibu, ili vijana wajue mambo yalikotoka, nasi wazee tukumbushane.

Enzi za ukoloni

Shule nyingi za Waafrika zilianzishwa na wamisionari. Serikali ya kikoloni ilitoa ruzuku kwa zile zilizotimiza masharti yake, na mwaka 1924 ikatunga sheria ya elimu iliyoipa uwezo wa kuzisimamia. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 1934, ziliundwa Bodi za Elimu za Wilaya. Elimu yenyewe iligawanywa kwa rangi: shule za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika, na fungu la kila kundi halikulingana na la jingine.

Mwalimu Mwafrika wa siku hizo alikuwa na waajiri wengi. Huyu aliajiriwa na misheni, yule na bodi ya wilaya, mwingine na serikali yenyewe. Walimu wawili wenye cheti kimoja na darasa la kiwango kimoja waliweza kupata mshahara tofauti na likizo tofauti, na mmoja akawa na tumaini la pensheni huku mwenzake hana. Tena mwalimu wa misheni alitazamwa hata nyumbani kwake. Akioa mke wa pili, au akionekana mahali pa pombe, aliweza kupoteza kazi, hata kama darasani alikuwa hodari. Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 iliendelea kuwaachia wamisionari nafasi kubwa katika usimamizi wa shule, na Waafrika wengi waliipinga.

Ndipo tarehe 4 Desemba 1957 walimu kutoka vyama mbalimbali vya mikoani walipoungana kuunda Chama cha Kitaifa cha Walimu, yaani KNUT. Dai lao kubwa halikuwa fedha peke yake. Walitaka mwajiri mmoja, kipimo kimoja cha mishahara na utaratibu mmoja wa kazi kwa walimu wote wa nchi. Walijua kwamba mtumishi wa mabwana wengi hana wa kumdai.

Mwajiri mmoja apatikana

Uhuru ulikuja mwaka 1963. Tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ikaeleza namna ya kuijenga elimu ya taifa moja lisilobagua rangi. Lakini walimu walikuwa wangali na waajiri wengi, na subira yao ilikuwa inapungua. Walikuwa wamegoma mwaka 1962. Wakagoma tena mwaka 1965 na mwaka 1966. Mwishowe Bunge lilipitisha Sheria ya Tume ya Kuajiri Walimu, maarufu kama TSC. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1967. Tume ilipewa kazi ya kuandikisha walimu, kuwaajiri, kuwahamisha na kuwaadhibu, na ikaundwa kamati ya kujadili mishahara ambamo chama cha walimu kilikuwa na viti. Mwaka uliofuata, 1968, ikatungwa Sheria ya Elimu iliyomkabidhi waziri usimamizi wa elimu, na wamisionari wakabaki wafadhili wa shule badala ya kuwa mabwana wake.

Hapo mtu angedhani hadithi imekwisha. Haikwisha, kwa sababu sheria ilikuwa imempata mwajiri, lakini mfuko wa fedha ulikuwa kwingine. Shule za msingi zilikuwa chini ya mabaraza ya kaunti, nayo mabaraza yalitegemea karo na kodi ya kichwa. Wilaya yenye mashamba makubwa au mji wenye biashara ilijikimu. Wilaya kame ilishindwa. Mabaraza kadhaa yalichelewesha mishahara, na mwalimu aliyekuwa na barua ya ajira iliyopigwa muhuri Nairobi hakuweza kumlipa mwenye duka kwa barua hiyo.

Mwaka 1969 ulikuwa na misukosuko mingi, ukiwemo mgomo wa walimu wa mwezi Novemba. Mwaka huohuo Bunge lilitunga sheria ya kuyaondolea mabaraza ya kaunti kazi za elimu ya msingi, afya na barabara, na kuzikabidhi kwa serikali kuu. Kuanzia tarehe 1 Januari 1970 mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi ukatoka katika hazina ya taifa. Tarehe hiyo haisherehekewi na mtu, lakini ina uzito. Kwanza, mwalimu wa Turkana na mwalimu wa Kiambu wakawa wanadai mlango mmoja. Pili, mabaraza yalipoteza nguvu zake nyingi, na wananchi wakapoteza sauti waliyokuwa nayo karibu na nyumbani. Faida moja ilinunuliwa kwa hasara nyingine, na ni haki kuyataja yote mawili.

Karo, amri na sheria

Mshahara wa mwalimu hauwezi kutenganishwa na karo ya mwanafunzi. Siku ya Jamhuri, Desemba 1973, Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba madarasa manne ya kwanza yatakuwa bila karo kuanzia Januari 1974. Watoto walimiminika. Lakini fedha za kuziba pengo la karo hazikutosha, na kamati za shule zikaanza kutoza michango ya majengo, ambayo pengine ilizidi karo iliyofutwa. Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi aliongeza maziwa ya shule, na watoto wakaongezeka tena. Kisha mwaka 1988, kufuatia ripoti ya Kamunge, serikali ilishika mpango wa kugawana gharama na wazazi. Wakati wote huo wananchi walikuwa wakijijengea shule za upili za Harambee. Ilipofika katikati ya miaka ya 1970 wanafunzi wa shule zisizosaidiwa na serikali walikuwa wengi kuliko wale wa shule za serikali, na walimu wake wengi hawakuwa na vyeti vya ualimu wala mshahara wa TSC.

Mwaka 2001 Bunge lilipitisha Sheria ya Watoto, iliyosema kwamba kila mtoto anastahili elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hata hivyo karo na michango viliendelea kutozwa. Ilibidi kungoja hadi Januari 2003, serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki ilipotenga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Idadi ya watoto katika shule za msingi ilipanda kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka 2004 hata Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza huko Eldoret. Kwa hiyo amri ya 1974 ilikosa sheria na fedha. Sheria ya 2001 ilikosa fedha. Na mwaka 2003 fedha zilipotoka, kazi ilifanyika.

Ahadi ya mwaka 1997

Sasa tuingie katika jambo lililowagusa walimu wetu wengi. Katika miaka ya 1990 bei za vitu zilipanda sana na shilingi ikashuka thamani. Mwalimu alikuwa na heshima ya jina, lakini mshahara wake ulikwisha kabla ya katikati ya mwezi. Oktoba 1997, uchaguzi mkuu ukiwa mlangoni, walimu walifanya mgomo nchi nzima chini ya katibu mkuu wao, Ambrose Adeya Adongo, aliyekuwa amekiongoza chama tangu mwaka 1971. Serikali ilikubali kuongeza mishahara kwa asilimia 150 hadi 200 kwa awamu tano. Makubaliano hayo hayakuachwa midomoni. Yalitangazwa rasmi kisheria kwa Tangazo la Kisheria nambari 534 la mwaka 1997, pamoja na marupurupu ya nyumba, matibabu na usafiri.

Awamu ya kwanza ililipwa. Uchaguzi ukapita. Mwaka 1998 serikali ikasema hazina haina fedha za awamu zilizobaki, na Oktoba mwaka huo walimu wakagoma tena. Mwaka huohuo serikali ilisimamisha uajiri wa walimu wapya, na baadaye ikawa inajaza tu nafasi za waliokufa, waliostaafu au walioacha kazi. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni hilo liliendelea kudaiwa miaka mingi. Serikali ya Kibaki ilikubali kulipa awamu zilizobaki kidogo kidogo, lakini ubishi juu ya marupurupu ya tangazo lilelile ulikuwa miongoni mwa sababu za mgomo wa mwaka 2013, miaka 16 baadaye.

Mgala muue na haki umpe. Hazina nayo ilikuwa na hoja. Sehemu kubwa kabisa ya bajeti ya elimu ni mishahara, na serikali iliyoahidi nyongeza ya asilimia 200 bila kuonyesha kodi itakayoilipia iliwadanganya walimu na walipa kodi kwa pamoja. Gharama nyingine iliwaangukia watoto. Walipomiminika shuleni mwaka 2003, idadi ya walimu ilikuwa imefungwa tangu 1998. Darasa la watoto 80 au 100 likawa jambo la kawaida katika sehemu nyingi.

Katiba mpya na mahakama

Katiba ya mwaka 2010 iliifanya elimu ya msingi ya bure kuwa haki ya kila mtoto, ikaiweka TSC ndani ya Katiba yenyewe, na ikaunda Tume ya Kuratibu Mishahara na Marupurupu, SRC. Kuanzia hapo ugomvi ulihamia mahakamani. Juni 2015 mahakama ya ajira iliamua walimu waongezwe asilimia 50 hadi 60. Serikali ilikataa kulipa, na Septemba walimu wakagoma kwa muda wa wiki tano hivi. Novemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi ule. Watoto walipoteza masomo, na walimu hawakupata asilimia hata moja ya hizo zilizoamuliwa.

Jambo lililofaulu lilikuja kwa utulivu zaidi. Oktoba 2016 TSC na vyama vya walimu walitia saini mkataba wa pamoja wa miaka minne, kuanzia Julai 2017, wenye thamani ya shilingi bilioni 54. Safari hii SRC ilishiriki, gharama ilihesabiwa mapema, na tarehe za malipo ziliandikwa. Haukuwa mkataba wa kumridhisha kila mtu, kwa kuwa wakuu wa shule walipata zaidi kuliko mwalimu wa kawaida, lakini ulilipwa.

Funzo kwetu

Kutokana na historia hii tunaweza kupima kila tangazo la nyongeza kwa maswali matatu. Je, limeandikwa katika sheria au mkataba unaoweza kudaiwa? Je, fedha zake zimetajwa zitatoka wapi? Je, anayeahidi ndiye anayeshika mfuko? Mwaka 1967 walimu walipata jibu la kwanza, wakakosa la tatu hadi 1970. Mwaka 1997 walipata la kwanza, wakakosa la pili kwa miaka mingi. Mwaka 2016 yote matatu yalikuwapo.

Nanyi vijana, msidhani mambo haya ni ya zamani. Walimu wanagenzi walioajiriwa kufundisha shule za sekondari msingi kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi waligoma mwaka 2024, baada ya mahakama kuamua Aprili mwaka huo kwamba uajiri wa namna hiyo ulikiuka sheria. Tena katika shule nyingi wapo walimu wanaoajiriwa na bodi ya shule na kulipwa kwa karo ya wazazi. Hao wanafundisha mtaala uleule na kusahihisha mitihani ileile, lakini karo ikichelewa nao hukaa bila mshahara. Hali yao haina tofauti kubwa na ya mwalimu wa baraza la kaunti wa mwaka 1968.

Sisi wanafunzi wa zamani tumekuwa wepesi kuchangia basi, lango na ukumbi, na hayo ni mema. Lakini mwekahazina wa chama chetu aombwe kuuliza bodi, katika mkutano ujao, ni walimu wangapi wanaolipwa kwa karo, wanadai miezi mingapi, na ni kiasi gani kingetosha kuwalipa kwa wakati. Tukishalipata jibu hilo kwa tarakimu, ndipo tuzungumze habari ya rangi ya lango.