Kidhibiti cha gemu kinapojisogeza: Kutengeneza au kununua kipya?

Kidhibiti kimewekwa mezani, hakuna anayekigusa, lakini mwanasoka aliye kwenye kioo anaendelea kutembea kuelekea kona. Wengi hukimbilia dukani.

Chini ya kila kijiti kuna vipimo viwili, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha mbele na nyuma. Katika vidhibiti vingi vipimo hivyo ni potenshiomita: ulimi mdogo wa chuma husugua utando wa kaboni, na umeme unaopita huijulisha mashine kijiti kimeelekea wapi. Kwa matumizi ya muda mrefu kaboni hulika, na vumbi lake hubaki humo humo.

Kusafisha kwa alkoholi husaidia iwapo tatizo ni uchafu. Hitilafu ikirejea baada ya siku chache, kaboni imekwisha na hakuna usafi utakaoirudisha.

Dhamana huangaliwa kabla ya kushika bisibisi, maana kufungua kidhibiti ambacho bado kina dhamana huweza kuifuta. Mwaka 2020 Rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, aliwaomba radhi wateja kuhusu vijiti vya Joy-Con, na mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza kuvitengeneza bure katika nchi kadhaa za Ulaya, hata kwa wale ambao dhamana yao ilikwisha.

Baada ya hapo, kinachoamua ni namna kijiti kilivyofungwa. Kile cha Joy-Con ya Switch ya mwaka 2017 kimeunganishwa kwa utepe, hivyo mtu mwenye subira hukibadili nyumbani. Cha DualSense ya PlayStation 5 kimechomelewa kwa risasi kwenye bodi, na fundi mwenye papara huweza kuiunguza bodi yote. Ikiwa betri nayo imechoka na vitufe vimelegea, ni afadhali kununua kipya.

Hata hivyo, kipya cha aina ile ile huja na kaboni ile ile. Ndiyo maana baadhi ya mafundi hufunga vijiti vinavyotumia sumaku, ambavyo vipimo vyake havisuguani. Sega ilivitumia katika Dreamcast tangu mwaka 1998. Vikifungwa kwenye DualSense, ni lazima kitovu chake kirekebishwe upya kwa programu. Fundi asiyelijua hilo humrudishia mteja kidhibiti chenye ugonjwa ule ule.