Laini Moja, Njia Mbili

Hapa Hewani, kredo ikiisha namflashi mtu wa Nairobi, halafu nangoja anipigie. Kumbe baadhi ya barua pepe za mapema Kenya zilienda hivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la mazingira la ELCI, Nairobi, lilikuwa na kompyuta ya mtandao wa Fidonet. GreenNet ya London ndiyo iliyopiga, kwa sababu simu za huko zilikuwa nafuu. Modemu ya Nairobi ikaitika, barua zikapita kwenda na kurudi, laini ikakatwa.

Kwenye kompyuta za Unix, zilizotumiwa na watu wengi kwa pamoja, kulikuwa na kazi zaidi. Laini moja, modemu moja: programu ya getty imekaa kusubiri anayepiga, huku uucp nayo inataka kupiga nje. Dawa yake ni kifaili kidogo cha kufuli. Anayeshika laini anakiacha pale, mwingine akikiona anangoja, kama mtumbwi mmoja wa kuvukia Tana na abiria wako kingo zote mbili. (Niliacha chuo kabla hatujafika Unix; haya nimejisomea kwa simu.)

Lakini kufuli hilo halikujua nani analipa bili. Modemu iliweza kupiga na kupigiwa, na Nairobi bado ilingoja London ipige.