Mafuta ya mandazi na sabuni ya Leverville

Leo tunaongea juu ya sabuni. Wengi mliona picha za vile vipande vya kahawia tunavyokata kwa waya, mkauliza kama kweli vimetoka kwenye mafuta yaliyokwisha kukaanga mandazi. Ndiyo, ni kweli. Mgeni mmoja wa shirika naye alituuliza: huu ubunifu mmeutoa wapi? Hapo tukaona tuandike, sababu ubunifu si wetu. Ni kazi ya zamani sana, na sisi ambao wengi wetu ni Wakongomani tuna historia ndani yake, tena chungu.

Tuanze na neno lenyewe. Sabuni yetu imetoka kwa Waarabu, sabun, nayo ni ndugu ya savon ya Wafaransa. Mrumi mmoja, Pliny, katika karne ya 1 aliandika kwamba watu wa Galia, Ufaransa ya leo, walichanganya mafuta ya wanyama na majivu, wakapaka kwenye nywele. Mafuta na majivu, basi. Maji yaliyochujwa kwenye majivu ni makali, na yakikutana na mafuta vinageuka kabisa: unapata sabuni na gliserini. Afrika Magharibi mpaka leo wanapika sabuni nyeusi kwa majivu ya maganda ya kakao na ya ndizi. Hapa kwetu mama mmoja wa Fizi alituonyesha ya maganda ya ndizi na mawese. Inasafisha vizuri, ila ni laini kama ugali wa maji, haikatiki vipande.

Ili sabuni iwe ngumu inahitaji soda, ndugu ya ile magadi tunayotia kwenye maharage. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata njia ya kutengeneza soda kutoka kwa chumvi ya kawaida. Ukiichanganya hiyo soda na chokaa na maji, unapata kostiki. Maskini Leblanc hakufaidi: mapinduzi ya Ufaransa yalimnyang'anya kiwanda, na mwaka 1806 akajiua. Lakini toka hapo viwanda havikutegemea majivu tena. Kilichobaki kutafutwa ni mafuta, na mafuta yalitafutwa mpaka kwetu.

Mwingereza William Lever alianza kuuza sabuni ya Sunlight katika miaka ya 1880. Mwaka 1911 alifanya mkataba na serikali ya Ubelgiji, akapewa haki juu ya michikichi ya Kongo, mpaka hekta 750,000. Kampuni iliitwa Huileries du Congo Belge, na makao yake kule Kwilu yakaitwa Leverville, leo ni Lusanga. Mwaka 1912 kipande cha sabuni kilichotoka kwenye mawese ya huko kilipelekwa kwa Mfalme Albert wa Ubelgiji ndani ya kisanduku cha pembe za ndovu. Hebu fikirini kidogo juu ya hicho kisanduku.

Waliopanda michikichi kukata matunda hawakupata kisanduku. Watu walichukuliwa kwa nguvu, machifu wakisukumwa na serikali watoe vibarua. Bei za dunia zilipoanguka, malipo ya matunda yalishushwa, lakini kodi ilibaki palepale. Mwaka 1931 Wapende waliasi, na jeshi la koloni likaua watu zaidi ya 500. Wengi wetu tumetoka Kivu na Tanganyika, mbali na Kwilu, na shuleni hatukufundishwa haya. Tumeyasoma hapa ukimbizini, kwenye simu.

Na kutumia tena mafuta ya jikoni? Hiyo nayo ina historia. Mwaka 1942 vita vilikuwa vikali. Uingereza ilianza kugawa sabuni kwa kipimo, kwa kadi, kama sisi tu. Marekani ikawaomba akina mama wasimwage mafuta ya kukaangia, wayaweke kwenye kopo wampelekee mwuza nyama. Hawakuyataka kwa sabuni tu: gliserini yake ilitengeneza baruti. Yaani mafuta ya sufuria yakaenda vitani.

Yetu hayaendi vitani. Wafanyakazi wa mashirika wanakijua kipimo cha Sphere: kwa mtu mmoja kwa mwezi, gramu 250 za sabuni ya kuogea na 200 za kufulia. Sisi tunajua miezi inayopita bila hata kipande, na mama anayechagua kati ya sabuni na chumvi. Ndiyo maana tunakoroga.

Kwa kilo 1 ya mafuta yaliyochujwa tunapima kostiki gramu 130 na maji mililita 350. Kupima ni kwa mizani, si kwa macho. Kostiki ndiyo inaingia kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, maana yataruka usoni. Mtumie ndoo ya plastiki nzito, sababu sufuria zetu nyingi ni za alumini na kostiki inazila. Glavu, miwani, watoto mbali. Ukishakata, acha wiki 4 ndipo utumie. Mafuta yaliyokaanga ndagala msijisumbue nayo, harufu haitoki hata umwombe nani.

Sasa kuna jambo ambalo bado tunalibishania. Mwanzoni akina mama wa mandazi na chapati walitupa mafuta bure, walikuwa wanayamwaga mtaroni. Walipoona tunauza, wakataka malipo. Baadhi yetu walikasirika, wakasema yale ni takataka. Wengine tukawakumbusha habari za Leverville. Kwa sasa tumekubaliana hivi: mama akileta lita 5, anarudi na kilo 1 ya sabuni iliyokauka, inapimwa mbele yake. Yeye anaona bado ni kidogo. Kikao kingine ni Jumamosi, na safari hii akina mama wenyewe watakaa nasi.