Neno la Wiki: CHAPA

Neno hili lilitujia kutoka Kihindi. Maana yake ya kwanza ni alama iliyogandamizwa juu ya kitu. Ya pili ni uchapaji wa maandishi au picha. Ng'ombe wa tambarare za Same hupigwa chapa ajulikane ni wa nani. Fedha nayo hupigwa chapa, na hapo neno linaingia katika siasa.

Rupia ya Wajerumani, iliyoanza kutolewa mwaka 1890, ilimwonyesha Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki na kichwa cha George V, kisha George VI. Huyu wa pili ndiye aliyekuwa kwenye shilingi mwaka 1945, maelfu ya Wapare walipoteremka milimani kukusanyika Same kuipinga kodi ya mbiru. Upande mmoja mfalme, upande wa pili simba na milima: serikali iliyodai kodi ilikuwa na sura yake kwenye fedha ya kuilipia. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ikatoa noti zenye picha ya Mwalimu Nyerere.

Basi tutofautishe. Picha inaweza kuwa moja tu, ikaonwa na wachache ikulu. Chapa ni ile inayorudiwa mpaka ikafika gulioni, na ndiyo iliyowafanya watu wamjue mtawala ambaye hawajawahi kumtia machoni.