Waliopima Kabla ya Kusema: Khabari za Mto Naili, Mwanga na Jicho

Katika kisiwa cha Rawda, kilichomo ndani ya mto Naili mbele ya mji wa Kairo, liko shimo refu lililojengwa kwa mawe, na katikati yake imesimama nguzo ya marumaru yenye pande nane. Nguzo hiyo imetiwa alama za dhiraa na vidole tangu chini hata juu. Zilichimbwa njia tatu za kupitishia maji, moja juu ya nyingine, zikaunganisha shimo na mto. Hivyo maji yalipopanda mtoni yalipanda na shimoni, ila humo hayakuwa na mawimbi wala mkondo wa kumdanganya mwenye kusoma kipimo. Waarabu huliita jengo hilo Mikyasi, yaani chombo cha kupimia. Lilijengwa mwaka wa 247 wa Hijra (861) kwa amri ya Khalifa al-Mutawakkil wa ukoo wa Abbas, na kabla yake vilikuwako vipimo vingine, kwani watu wa Misri walikuwa wakiupima mto wao tangu zama za Mafarao.

Hawakuupima kwa kujipumbaza. Nchi ya Misri haina mvua ya kutegemewa. Riziki yake yote ilikuwa katika mafuriko ya kila mwaka. Maji yalipofika dhiraa 16, mashamba yalinyweshwa, na hapo ndipo dola ilipostahili kutoza kodi ya ardhi kwa ukamilifu. Yalipopungua, ardhi ilibaki kavu na njaa ikawa mlangoni. Yalipozidi sana, yalichukua mbegu na nyumba pamoja.

Ilikuwa desturi mpiga mbiu kuzunguka mjini kila siku ya msimu, akitangaza maji yamepanda vidole vingapi. Lakini habari ya kweli nayo ina hatari zake. Siku zilipopita bila ya maji kupanda, wenye nafaka walifunga ghala zao wakingoja bei ipae, na masikini akakosa mkate hata kabla ya njaa yenyewe kufika. Kwa hiyo Khalifa al-Mu‘izz wa Kifatimi, baada ya kuingia Kairo, alikataza kipimo kisitangazwe kwa watu mpaka zitimie dhiraa 16; kabla ya hapo aandikiwe yeye na jemadari wake tu. Mwanatarehe al-Makrizi aliisifu sana hekima hiyo. Huenda msomaji wa leo akaiona ni kuwaficha watu jambo lao. Lakini aliyewahi kuona duka likifungwa kwa uvumi wa siku moja hatashangaa.

Basi katika nchi iliyokuwa ikiishi kwa vidole vya kipimo, alifika mtu kutoka Basra aitwaye Abu Ali al-Hasan bin al-Haytham, aliyezaliwa karibu na mwaka wa 354 wa Hijra (965). Alikuwa hodari wa hesabu na handasa. Anasimulia Ibn al-Kifti ya kuwa al-Hakim, mjukuu wa al-Mu‘izz, alisikia kwamba mtu huyo husema lau angekuwa Misri angefanya jambo katika mto wake liletalo faida, maji yakizidi au yakipungua. Al-Hakim akampelekea mali na kumwita. Alipowasili, mtawala mwenyewe alitoka nje ya mji kumpokea, heshima asiyoipata kila mgeni, kisha akampa mafundi na akamwamuru aende kutimiza aliyoyasema.

Ibn al-Haytham akasafiri kuufuata mto kwenda juu mpaka Aswan, kwenye maporomoko. Njiani alitazama mahekalu na majengo ya watu wa kale, akaona ukubwa wake, usawa wa mistari yake na hesabu iliyomo ndani yake. Akafahamu ya kuwa watu wenye elimu namna ile, kama jambo lile lingeliwezekana, wangelikwisha kulifanya. Alipofika maporomokoni aliyachungua maji na majabali ya pande zote mbili, akakuta hayafuati mpango alioufikiri alipokuwa mbali. Akarudi Kairo, akasimama mbele ya al-Hakim, akasema kwamba haiwezekani.

Neno hilo ni fupi kulitaja, lakini si fupi kulisema mbele ya mtu kama al-Hakim, ambaye aliwaua mawaziri wake kwa jambo dogo na pengine bila ya jambo. Ibn al-Haytham angeweza kuchimba mfereji, akapoteza miaka na mali ya watu, kisha akawalaumu mafundi. Hakufanya hivyo. Al-Hakim alipokea udhuru wake na akampa kazi katika diwani, naye akaipokea kwa khofu. Kisha, asema Ibn al-Kifti, akajifanya ana wazimu. Mali yake ikashikwa, akawekewa wasimamizi, akafungiwa katika nyumba yake mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka wa 411 (1021). Hapo akaidhihirisha akili yake, akaenda kukaa karibu na mlango wa msikiti wa Azhar. Wako wajuzi wa tarehe wasioikubali sehemu ya wazimu. Lakini kwamba aliishi hapo Azhar kwa kazi ya mikono yake jambo hilo linajulikana: alikuwa akinakili vitabu vya Euclid na Ptolemy kwa khati yake na kuviuza kila mwaka kwa dinari 150, na hizo zikamtosha.

Wengine hupenda kusema kwamba alipokuwa kifungoni ndipo alipoona mwanga ukiingia katika tundu la ukuta, na elimu yake yote ikatoka hapo. Ni hadithi nzuri isiyo na shahidi. Aliyoyafanya yamo katika Kitab al-Manadhir, kitabu chake cha sehemu saba juu ya kuona, na humo anaeleza jaribio moja moja jinsi lilivyotendeka, hata asomaye aweze kulifanya nyumbani kwake.

Katika zama zake watu waligawanyika juu ya jambo la kuona. Wafuasi wa Euclid na Ptolemy walisema jicho hutoa miali inayokwenda kuvigusa vitu. Wafuasi wa Aristotle walisema umbo la kitu ndilo lijalo katika jicho. Kila kundi lilikuwa na majina makubwa ya kuegemea. Ibn al-Haytham hakuuliza nani mkubwa zaidi. Aliwataka watu watazame jua: jicho huumia, na likifumbwa bado huona alama ya ule mwanga kwa muda. Ikiwa mwali unatoka jichoni, nini kilichokuja kulidhuru? Ni lazima mwanga uwe wenye kuingia.

Kisha akachukua chumba chenye giza, mlangoni pake pana tundu dogo, na nje akapanga taa kadhaa mahali mbalimbali. Ukutani ndani yakaonekana madoa ya mwanga kwa idadi ya taa, kila doa upande unaoelekeana na taa yake kwa kupitia tunduni. Alipoifunika taa moja, doa lake peke yake likatoweka. Alipoifunua, likarejea mahali pake. Mianga yote ilikutana katika tundu lile lile wala haikuchanganyika, na kila mmoja ulikwenda kwa mstari ulionyoka. Jaribio la namna hii yeye aliliita i‘tibar, naye alilirudia kwa taa, kwa jua, kwa mwezi na kwa mirija iliyonyoka, asitosheke kwa mara moja.

Katika kitabu kingine, alichokitunga kwa ajili ya kuonyesha makosa ya Ptolemy, alieleza kwamba mwenye kutafuta haki si yule anayesoma maandiko ya waliotangulia na kuyaamini. Ni yule anayeitilia shaka imani yake juu yao, na akajitilia shaka nafsi yake pia. Shaka hiyo ilimpasa hata yeye mwenyewe. Alidhani ya kuwa kihisi cha jicho kimo katika ule utando wa maji magumu uliopo nyuma ya mboni, ambao leo huitwa lenzi. Hilo lilikuwa kosa, na halikusahihishwa kwa ukamilifu mpaka mwaka wa 1604, Johannes Kepler alipoeleza kwamba picha hutua nyuma kabisa ya jicho. Kepler alifika hapo kwa kupita njia aliyoifungua huyu wa Basra, kwani kitabu chake kilikuwa kimegeuzwa katika Kilatini tangu karibu na mwaka wa 1200 na kupigwa chapa Basel mwaka wa 1572.

Lenzi hiyo hiyo ndiyo iingiayo ukungu na kumpofusha mtu, maradhi ambayo Waswahili huyaita mtoto wa jicho. Na ni ajabu ya kufurahisha kwamba katika Misri hiyo hiyo na chini ya al-Hakim huyo huyo aliishi tabibu wa macho aitwaye Ammar bin Ali al-Mausili. Alikuwa ametembea nchi nyingi akitibu na kupasua, naye akakitungia utawala wa al-Hakim kitabu chake cha dawa za macho, kifupi lakini kilichojaa mambo aliyoyatenda kwa mkono wake.

Dawa ya kale ya mtoto wa jicho ilikuwa kuingiza sindano na kuusukuma ule ukungu chini, mbali na mboni. Mgonjwa aliona, lakini ukungu ulibaki ndani na pengine ulipanda tena. Ammar alitengeneza sindano ya chuma yenye tundu ndani yake, akaitia jichoni, na ukungu uliokuwa mwororo akaufyonza nje. Hakudai kwamba sindano yake inafaa kwa kila jicho. Ukungu ukiwa mgumu haufyonzeki, na hilo waganga walilifahamu kwa kuona. Ufaransani, Jacques Daviel alianza kuutoa ukungu kwa kupasua jicho katika mwaka wa 1747. London, Harold Ridley akaweka lenzi ya kutengenezwa mwaka wa 1949. Na tangu mwaka wa 1967, kwa kazi ya Charles Kelman wa New York, ukungu mgumu huvunjwavunjwa kwa mtetemo wa sauti isiyosikika kisha hufyonzwa kwa sindano yenye tundu. Haijulikani kwamba Kelman alimfuata Ammar, wala haihitajiwi kudaiwa. Inatosha kwamba watu wawili waliotengana kwa miaka mia tisa na zaidi walitaka kitu kile kile kitoke mle jichoni kwa tundu dogo.

Mto nao haukuacha kuwatia watu mtihanini. Mwaka wa 596 wa Hijra (1200) maji katika Mikyasi hayakufika hata dhiraa 13. Alikuwako Kairo wakati huo tabibu wa Baghdad, Abdullatif al-Baghdadi, naye aliandika aliyoyaona. Kabla ya maji kupanda yalibadilika rangi yakawa kijani, yakanuka, na watu wakakimbilia visima. Abdullatif aliyachukua, akayachemsha, akakuta ladha na harufu vimezidi kuwa vibaya; akahukumu kwamba yametoka katika mabwawa yaliyotuama mbali huko juu ya mto, mimea ikaoza ndani yake kwa kukosa maji mapya ya kuisukuma. Kisha ikaja njaa ambayo kuisimulia ni kazi nzito. Watu walifikia kulana. Ardhi isiyofunikwa na maji haikulimika, na iliyolimika ilikosa mbegu na ng’ombe.

Katika msiba huo Abdullatif aliona jambo jingine. Mahali paitwapo al-Maks palirundikana mifupa ya waliokufa, naye akaenda kuitazama pamoja na wanafunzi wa utabibu. Galen, imamu wa matabibu wote, alikuwa ameandika kwamba taya la chini lina mifupa miwili iliyounganishwa kidevuni. Wakatazama mafuvu zaidi ya elfu mbili, mkono huu na ule, na kila taya lilikuwa mfupa mmoja usio na kiungo. Abdullatif akaandika kuwa Galen, pamoja na ukubwa wake, hawezi kupewa daraja kuliko macho. Na katika jina la kitabu chake aliliweka lile neno i‘tibar.

Huko Andalus, ambako mkulima hana mafuriko ya kumletea udongo mpya, upimaji uligeukia ardhi yenyewe. Ibn Bassal wa Toledo alihamia Sevilla mji wake ulipotekwa mwaka wa 1085, akaandika kitabu cha kilimo asichomtajia mtu mwingine ndani yake, kwa kuwa kila neno lilitokana na shamba lake. Aligawa udongo katika aina kumi, akaeleza kila aina yafaa mmea gani na mbolea gani. Ibn al-Awwam aliyekuja baada yake alifanya kinyume, akakusanya maneno ya watu wengi mno, ila ya kwake hakuyatia mpaka ayajaribu mara kwa mara.

Vipimo vya Rawda viliendelea kuandikwa, kwa mapengo ya hapa na pale, tangu karne ya kwanza ya Hijra mpaka karne ya ishirini ya Miladi. Mwingereza Harold Hurst, aliyefika Misri mwaka wa 1906, alizitumia daftari hizo. Katika mwaka wa 1951 alionyesha kwamba miaka ya upungufu hupenda kufuatana, na miaka ya wingi vilevile, kwa muda mrefu kuliko inavyotazamiwa kwa bahati tupu. Maana yake ni kwamba ghala la maji la mwaka mmoja halitoshi. Yapasa kuweka akiba ya miaka mingi. Wataalamu wa fizikia na wa hali ya hewa hutumia hesabu yake katika mambo yaliyo mbali na Naili kabisa.

Kwa sababu ya shauri hilo la akiba, Misri ilichangia gharama za bwawa la Owen Falls huko Jinja, lililofunguliwa mwaka wa 1954, ili ukuta uinuliwe na ziwa Viktoria liweze kuwekewa maji. Akawekwa Jinja mhandisi wa Kimisri wa kuangalia kipimo cha maji yatokayo. Maji ya ziwa hilo yalikuwa yakipimwa na kuandikwa tangu mwaka wa 1896. Na baina ya mwaka wa 1961 na 1964 yalipanda zaidi ya mita mbili kwa mvua, kabla ya mtu yeyote kuyaweka akiba. Aswan nako, kwenye maporomoko aliyorudi nayo mikono mitupu Ibn al-Haytham, lilijengwa bwawa mwaka wa 1902, kisha Bwawa Kuu kati ya mwaka wa 1960 na 1970. Tangu hapo mafuriko hayafiki tena Kairo. Njia tatu za Mikyasi zimezibwa, na wageni hushuka ngazi mpaka chini kabisa, mahali ambapo zamani pangewafunika kwa dhiraa kumi na zaidi, kuitazama nguzo na alama zake.