Rakhi, nazi na upepo wa demani

Mtu wa Mombasa akiona nyuzi nyekundu na za dhahabu mikononi mwa majirani Wahindu mwezi wa Agosti, akauliza, ataambiwa kuwa ni sikukuu ya kaka na dada. Jibu hilo ni la kweli. Dada humpaka kaka yake alama nyekundu kwenye paji la uso, humbandika punje chache za mchele juu yake, humfunga uzi uitwao rakhi kwenye kifundo cha mkono wa kulia na kumlisha peremende ya maziwa, naye kaka hutoa pesa na ahadi ya kumlinda. Ila siku yenyewe, mwezi mpevu wa Shravan, mmoja wa miezi ya Kihindu, ina shughuli nyingine mbili zisizomhusu dada hata kidogo. Mabrahmani wengi huvua janoi, ule uzi wa nyuzi tatu unaoning'inia kutoka bega la kushoto hadi chini ya kwapa la kulia, na kuvaa mpya. Na katika pwani ya Gujarat na Maharashtra, mabaharia na wavuvi huitupia bahari nazi. Hoja yangu ni kwamba kwa pwani yetu mlango wa sikukuu hii ulikuwa ile nazi, na kwamba rakhi ya Mombasa haieleweki mtu asipozifikiria kwanza pepo za msimu.

Tuanze na kalenda, kwa kuwa ndiyo ushahidi mgumu zaidi. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, ukapita masika na kiangazi. Wahindu nao huhesabu kwa mwezi wa angani, lakini kila baada ya miaka miwili na kitu huongeza mwezi mzima ili hesabu isiliache jua. Ndiyo maana rakhi iliangukia 11 Agosti mwaka 2022, ikasogea hadi 30 Agosti mwaka 2023 kwa sababu ya mwezi ulioongezwa, kisha 19 Agosti mwaka 2024 na 9 Agosti mwaka 2025. Inayumba, lakini haiondoki kwenye majira yake. Na majira hayo ni ya baharini. Kuanzia Juni kusi huchafua bahari ya magharibi ya India kiasi cha kufunga bandari kama Mandvi, huko Kutch, na nazi inayotupwa majini ni ombi la kuifungua tena. Upande wetu, Agosti inapokwisha kusi hulegea na kuingia demani, upepo mpole ambao manahodha waliokuwa bado Mombasa waliungojea ili wavuke kwenda India na Arabuni kabla kaskazi haijaanza. Mwezi mmoja mpevu, basi, uliwapa ishara watu wa ng'ambo zote mbili.

Kuna jambo la pili. Kwa karne nyingi Banyani, kama walivyoitwa wafanyabiashara Wahindu, walikuja huku bila wake, mama wala dada, kwa kuwa tabaka zao ziliona kuvuka bahari kuwa unajisi, hasa kwa wanawake. Wareno waliwakuta wafanyabiashara wa Gujarat pwani hii tangu mwanzo wa karne ya 16, na katika karne ya 19 Mabhatia wa Kutch, nyumba ya Jairam Shivji ikiwa mashuhuri zaidi, walikodi ushuru wa forodha wa Sultani wa Zanzibar. Sikukuu ya dada ingefanywaje katika duka lenye wanaume watupu? Kilichobaki karibu ni janoi kwa wenye haki ya kuivaa, na bahari yenyewe.

Atakayepinga atanikumbusha reli, na ana haki. Kuanzia 1896 reli ilivuka Makupa na kuingia bara kupitia Changamwe, na karibu wafanyakazi 32,000 waliletwa kutoka India, wengi wao Wapunjabi wa bara kavu wasio na habari na nazi ya kutupwa baharini. Kati yao 6,724 walibaki. Sikatai kwamba reli, pamoja na familia zilizofuata, ndiyo iliyoikuza rakhi ya kaka na dada mpaka ikazifunika zile nyingine. Lakini jambo likikuzwa baadaye, hilo halilifanyi kuwa asili. Hata hadithi za kale hazimng'ang'anii dada wa tumbo moja. Katika Bhavishya Purana, aliyefungwa uzi ni mungu Indra, naye anakwenda vitani. Katika kisa kingine mungu wa kike Lakshmi anamfunga mfalme Bali na hivyo kujifanya dada yake, na Wagujarati wengi bado huiita siku hiyo Baleva. Kisa cha malkia Karnavati kumpelekea mfalme Humayun wa Mughal uzi wanahistoria wengi hukitilia shaka, ingawa ndicho kinachosimuliwa kwa mbwembwe zaidi. Kilichothibitika ni kitendo cha mshairi Tagore mwaka 1905, alipowahimiza Wahindu na Waislamu wa Bengal wafungane rakhi kupinga kugawanywa kwa jimbo lao. Kila mara uzi unamkinga anayekabili hatari, au unaunda udugu mahali ambapo damu haikuuweka. Pwani haikuhitaji kufundishwa hilo, maana undugu wa kuchanjiana ulikuwepo.

Pingamizi jingine ni kwamba haya ni mambo ya kisiwani, kwenye mahekalu, na kwamba Likoni na Kisauni hazimo. Sikubaliani nalo. Kutch ni nchi kame, si nchi ya minazi. Huku bara minazi imejaa kuanzia mashamba ya Wadigo wa Likoni hadi Kisauni. Nazi ya ibada haifuliwi ovyo: makumbi huondolewa, kikaachwa kishungi juu ya macho yake, na nazi ya namna hiyo haihitaji tena kuvuka bahari ya Hindi. Daraja la Nyali, la kwanza la maboya mwaka 1931 na la sasa mwaka 1980, liliwavusha hata wenye sikukuu hadi upande wa Kisauni. Waswahili nao walikuwa na Siku ya Mwaka, Nairuzi, inayohesabiwa kwa jua na kuanguka karibu na majira hayohayo, watu wakienda kuoga baharini. Sidai kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Ninachosema ni kwamba wote walikuwa wakiitazama bahari ileile, na kwa muda mrefu kusi na demani viliwapangia mwaka wao kuliko kalenda ya ukutani.