Mlinzi wa Kizingitini: Mbwa, Uungwana na Ushenzi katika Maniema ya Kusini

Lugha ya Kasongo na Kabambare iliitwa Kingwana kwa kuwa waliofuata mila za pwani, tangu zama za Tippu Tip, walijiita waungwana. Jina hilo lilikuwa na upande wa pili: aliyeshika mila za kijijini aliitwa mshenzi. Ni wachache waliotazama jinsi tofauti hiyo ilivyomfikia hata mbwa, au imbwa, kama asemavyo Mkongo.

Mbwa mkubwa wa ulinzi si wa asili ya huku. Stanley alipotoka Uingereza mwaka 1874 alichukua mbwa watano, mmojawapo Castor, jibwa la aina ya mastifi alilozawadiwa na Baroness Burdett-Coutts. Wote walikufa kabla msafara haujaingia Maniema Oktoba 1876. Castor aliuawa na joto. Aliyeizoea misitu ya Kongo ni mbwa mdogo asiyebweka kama wengine, ambaye wawindaji humfunga njuga ya mti ili wajue alipo. Alipoonyeshwa London mwaka 1937, jina lake lilikuwa basenji: mzizi ni uleule wa pwani, ila umevaa kiambishi cha bara, ba- badala ya wa-. Dharau haikubadilika.

Madhehebu ya Shafi yahesabu mate ya mbwa kuwa najisi ioshwayo mara saba, mojawapo kwa udongo, lakini yaruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda. Basi mlinzi hukaa nje, kama yule wa Watu wa Pangoni aliyenyoosha miguu kizingitini. Hatari yaanzia hapo: jibwa lililofungwa peke yake tangu utoto halitofautishi mgeni na mwizi.

Mwaka 1965, Wamarekani Scott na Fuller walichapisha uchunguzi wao juu ya aina tano za mbwa, basenji akiwamo. Watoto wa basenji wa wiki tano walikimbia watu na kung'ata. Waliposhikwashikwa, wakazoea upesi. Ushenzi, kumbe, hata ukiwa katika damu, uliweza kupunguzwa kwa malezi. Baina ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, mtoto wa mbwa hujifunza ni nani mwenzake. Kwa jibwa la ulinzi jambo hili ni zito zaidi, kwani kosa la mnyama wa kilo 60 laweza kumwua mtoto wa jirani. Yafaa lisikie kelele za watoto, lione wapita njia, liguswe na mikono mingi, lingali dogo. Wala dini haizuii: katika madhehebu hayohayo kikavu hakinajisi kikavu, na mkono mkavu uliopapasa manyoya makavu hauoshwi mara saba.